Mafuta kwenye risasi: tuyafute au tuyaache?

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeanza kuuliza kama nimerudi nyumbani kimyakimya. Sijarudi. Bado nipo huku Ohio, nabeba boksi za maisha kama kawaida, shule kidogo, kazi kidogo, baridi ikija nalalamika, joto likija nalalamika pia. Leo nina kisa ambacho kimenikaa kooni wiki mbili sasa, na nimeona nikiseme hapa kabla hakijapoa.

Kinahusu risasi. Tena siyo risasi za majambazi wala za vita, bali swali dogo sana ambalo kabla ya mwaka huu nisingeamini kwamba watu wazima wenye akili zao wanaweza kugombana juu yake: risasi uliyoitengeneza mwenyewe nyumbani ikiwa imebaki na mafuta kwenye ganda, uyafute au uyaache?

Msicheke. Subirini kwanza.

Jirani yangu ni mzee wa miaka sabini na kitu. Jina lake nalihifadhi. Siku ya kwanza nilimwita Mzee, akauliza maana yake, nikamweleza kwamba kwetu ni heshima. Akapenda sana, na tangu siku ile hata mke wake anamwita Mzee. Ni fundi mitambo mstaafu, mtu wa maneno machache. Ana bunduki ya baba yake, Springfield ya mfano wa 1903, na kila kiangazi yeye na mwanawe huenda Camp Perry, kambi ya kijeshi iliyo pembezoni mwa Ziwa Erie, ambako mashindano ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1907. Kuna mashindano maalumu ya bunduki za zamani, na wao ndiyo huko huenda.

Gazeti dogo ninalojifunzia kazi liliniomba makala kuhusu watu wanaojaza risasi wenyewe. Nikasema nina jirani. Mhariri akasema vizuri, kaa naye siku mbili, uandike unachokiona. Ndivyo nilivyojikuta kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Mzee, nimezungukwa na mizani, makopo na harufu kama ya duka la vipuri.

Kwa wasiojua (nami nilikuwa mmoja wenu), hiki kitu tunachokiita risasi kina sehemu nne. Kuna ganda la shaba ya manjano, kuna fataki ndogo kwenye kitako chake, kuna baruti ndani, na kuna kichwa kinachoruka. Ukipiga, fataki, baruti na kichwa vinakwenda zao. Ganda linabaki, nalo ndilo lenye gharama kubwa. Kwa hiyo watu wanaokota maganda yao, wanayasafisha, wanayajaza tena. Ganda moja likitunzwa linaweza kutumika mara kadhaa.

Kusafisha kwenyewe kulinifurahisha. Wanayatia kwenye ndoo inayotetemeka kwa umeme, pamoja na punje za kitu fulani cha rangi ya kahawia. Nikauliza hizi ni nini? Mzee akasema ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi! Kwetu Iringa gunzi ni la kuwashia moto au kuzibia chupa ya mafuta ya taa, huku linauzwa kwa kilo kwenye mifuko mizuri. Nilimwambia Mzee kwamba kumbe tulikuwa matajiri bila kujua.

Sasa njoo kwenye mafuta. Ganda likipigwa linatanuka. Ili liingie tena kwenye bunduki lazima lirudishwe umbo lake, na hapo ndipo linapokandamizwa ndani ya kalibu ya chuma kwa mkono wa mashine. Shaba kavu ikisuguana na chuma hukwama, tena hukwama kweli. Mzee alinionyesha kalibu moja yenye ganda lililong'ang'ania ndani, ameiweka rafuni kama kumbukumbu ya uzembe wake wa mwaka fulani. Ndiyo maana kila ganda hupakwa mafuta mepesi kabla ya kukandamizwa. Yeye hutumia lanolini, yale mafuta yanayotokana na sufu ya kondoo, yaliyoyeyushwa kwenye spiriti na kupulizwa. Spiriti inaruka, utando mwembamba unabaki. Ukizidisha, mafuta yanajikusanya kwenye bega la ganda na kulibonyeza, linatoka na vishimo. Ukipunguza, linakwama. Ni kama chumvi kwenye mboga.

Ugomvi unaanza baada ya hapo.

Mzee anatumia mashine ya zamani ya hatua moja moja. Anakandamiza maganda yote, anayafuta yote, ndipo anaweka fataki, ndipo baruti, ndipo kichwa. Risasi ikikamilika mafuta yalishaondoka zamani. Mwanawe, kijana wa miaka thelathini na kidogo, amenunua mashine ya kisasa inayozunguka na kufanya hatua zote kwa mkupuo: kila ukivuta mkono, risasi moja iliyokamilika inadondoka. Kasi yake ni ya ajabu. Lakini kwa kuwa hakuna mahali pa kusimama katikati, risasi inatoka ikiwa bado na utando wake wa lanolini. Ukiishika inanata kidogo, kama mikono baada ya kula maandazi.

Kijana alikuwa ametengeneza 100 kwa ajili ya mazoezi ya Jumapili. Mzee alizishika mbili tatu, akazirudisha, akasema, "Hizi zifutwe."

"Baba, ni utando tu. Hauna madhara."

"Zifutwe, kijana."

Nikatoa daftari. Mwandishi akiona watu wawili wanapendana halafu wanabishana, anajua makala imepatikana.

Nitawapa hoja za kila upande kama nilivyozielewa, maana nilirudi nyumbani nikasoma mpaka usiku wa manane.

Hoja ya Mzee ni hii. Risasi inapolipuka ndani ya chemba, gesi inasukuma pande zote. Mbele inasukuma kichwa. Pembeni inalitanua ganda mpaka linang'ang'ania kuta za chemba. Nyuma inasukuma kitako cha ganda kuelekea kwenye bolti, ile komeo iliyo mbele ya uso wa mpigaji. Ganda likiwa kavu na chemba ikiwa kavu, mng'ang'anio ule wa pembeni unabeba sehemu ya msukumo wa nyuma. Ukiweka mafuta katikati, ganda linateleza, na bolti inabebeshwa mzigo wote.

Mzigo wenyewe ni kiasi gani? Mzee alinipa kalamu nipige hesabu mwenyewe. Bunduki ya namna ile inafanya kazi kwa shinikizo la pauni 50,000 hivi kwa kila inchi ya mraba. Upana wa ndani wa kitako cha ganda ni kama inchi 0.4, kwa hiyo eneo lake ni kama inchi ya mraba 0.126. Zidisha: unapata kama pauni 6,300. Karibu tani 3, wasomaji wangu. Uzito wa lori dogo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, unakuja kuelekea kwenye shavu lako, na kinachouzuia ni masikio mawili ya chuma kwenye bolti.

Kijana naye si mjinga. Alisema, na ni kweli, kwamba bunduki nzuri imeundwa bolti yake ibebe mzigo wote hata kama ganda halisaidii chochote. Akaongeza kwamba kuna watu hupaka mafuta kwa makusudi wanapopiga ganda kwa mara ya kwanza, kwa sababu ganda linaloteleza linarudi nyuma lote kwa pamoja, wakati ganda linalong'ang'ania mbele huvutika karibu na kitako, likawa jembamba na siku moja likakatika. Kwa hiyo mafuta yanaweza hata kurefusha maisha ya ganda.

Halafu akatoa karata yake kubwa. Springfield za mfano wa 1903 zilizotengenezwa mwanzoni zina sifa mbaya: chuma chake kilichomwa kupita kiasi kiwandani, kikawa kigumu lakini chenye kuvunjika kama chungu. Zile za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000 watu wengi hawazipigi kabisa siku hizi, wanaziweka ukutani. Mwaka 1918 wakabadilisha namna ya kukipasha chuma moto, tatizo likaisha. "Ya kwetu," akasema kijana, "ipo juu ya namba hiyo. Inabeba."

Mzee akajibu kwa sauti ya chini, "Mafuta hayasomi namba."

Akaongeza sababu zake nyingine, hizi za kawaida kabisa. Risasi inayonata inaokota mchanga na vumbi, halafu unaviingiza kwenye chemba na kuisugua. Mafuta yakipenya mpaka kwenye fataki yanaweza kuifisha, ukabaki unavuta kichocheo na bunduki imenyamaza, usijue kama imekataa kabisa au italipuka sekunde mbili baadaye. Na mafuta hubadili hali ya risasi moja na nyingine, wakati mlenga shabaha anataka zote zifanane kama mapacha.

Wapendwa, mimi si fundi wa silaha. Lakini nilipoingia kwenye vitabu niligundua kwamba ugomvi huu si wa baba na mwana hawa tu, una miaka zaidi ya mia, na mojawapo ya vituo vyake ni palepale Camp Perry.

Miaka ile vichwa vya risasi vilivikwa madini ya shaba na nikeli, na madini hayo yaliacha uchafu mgumu ndani ya mtutu. Wapigaji wakazoea kuchovya vichwa vya risasi kwenye grisi ya magari ili kuzuia uchafu ule. Mwaka 1921 kiwanda cha serikali cha Frankford Arsenal cha Philadelphia kikatoa risasi za mashindano zenye vichwa vilivyopakwa bati, kwa nia ya kuondoa tatizo moja kwa moja. Wapigaji wakaonywa: hizi hazihitaji grisi, msipake. Lakini mazoea yana tabu. Wengine waliendelea kuchovya, wakaanza kuona bolti zikiwa ngumu kufunguka. Ikaja kubainika kwamba bati lilikuwa likishikana na shingo ya ganda kama limechomelewa, na grisi ikijaa pale shingoni inainyima shingo nafasi ya kutanuka na kukiachia kichwa, shinikizo linapanda vibaya. Ofisa wa jeshi la Marekani aliyeitwa Julian Hatcher aliyaeleza mambo haya kwenye kitabu chake cha mwaka 1947, Hatcher's Notebook, ambacho Mzee anacho, kimechakaa na kina alama za vidole.

Na kichekesho ni kwamba mwaka huohuo wa 1921, mahali hapohapo, kwa risasi zilezile za bati, mzee mmoja wa miaka 62 aliyeitwa George Farr aliazima bunduki ya jeshi, akapiga katikati ya shabaha ya yadi 1,000 mara 70 hivi mfululizo mpaka giza likaingia. Kwa hiyo risasi zenyewe hazikuwa na laana. Ziliharibika pale mtu alipoongeza kitu cha ziada kwa sababu jana kilimsaidia.

Kuna waliokwenda upande mwingine kabisa. Mbunifu John Pedersen alitengeneza bunduki ambayo risasi zake zilipakwa nta ili zisikwame. Jeshi la Marekani likaichunguza kwa miaka, mwisho likachagua ya mshindani wake, Garand, na kuipokea rasmi mwaka 1936. Garand ilitumia risasi kavu. Wajapani nao walikuwa na bombomu la mfano wa 92 lililokuwa na brashi ya kupaka mafuta kila risasi inayoingia, maana bila hivyo maganda yalikuwa yakikwama.

Hapo kwenye bombomu la Kijapani nilisimama kusoma, nikafunga kompyuta, nikakaa kimya.

Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua zile ambazo wazee waliorudi walizizungumzia kuliko hata maadui. Alifariki nikiwa shule ya msingi, na sikumbuki mengi. Nakumbuka kwamba alikuwa akifuta jembe. Kila jioni akitoka shamba analisugua kwa majani, analikausha, anapaka mafuta kidogo, analitundika. Asubuhi kabla ya kutoka anafuta tena yale mafuta kwa kitambaa. Nilimuuliza mara moja kwa nini anayapaka halafu anayafuta. Akasema jeshini walifundishwa hivyo: chuma kikilala kinataka mafuta, kikiamka kinataka ukavu.

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe bunduki waliyobeba KAR, Lee-Enfield ya Waingereza, ilikuwa na kanuni hiyohiyo: unaihifadhi na mafuta, lakini kabla ya kupiga unapitisha kamba na kitambaa, chemba inakuwa kavu. Na ng'ambo ya bonde adui alikuwa na mashine inayopaka risasi zake mafuta kwa brashi. Babu hakuwahi kunieleza sababu, labda hata yeye hakuelezwa. Alielezwa afute, akafuta, mpaka akaja kufuta jembe miaka hamsini baadaye huku Mjapani hayupo.

Haya, turudi Ohio, maana hapa ndipo pana aibu yangu.

Jumamosi mchana Mzee na mwanawe walifikia muafaka: risasi zote 100 zitafutwa, ila kijana hafuti, maana haamini. Mimi nikajitolea. Nilitaka kuandika kwamba nilishiriki. Wakaniachia maboksi mawili ya plastiki, risasi 50 kila moja, kitambaa cha pamba na kichupa cha spiriti. Mzee akanionyesha: shika kichwa kwa vidole viwili, zungusha ganda ndani ya kitambaa mara mbili, sikiliza. Ganda lililo kavu linalia kidogo likipita kwenye kidole. Lenye mafuta halilii.

Boksi la kwanza nilifanya kwa uaminifu wote. Boksi la pili, nikiwa safu ya tatu au ya nne, simu ikaita. Mama, kutoka Iringa. Huku saa 8 mchana, kule saa 3 usiku. Mama yangu akipiga hamalizi kwa dakika tano: kuna habari za mbuzi, kuna habari za shangazi, kuna harusi inayodaiwa mchango. Nilipanda ngazi kutafuta mtandao mzuri, nikaongea kama dakika arobaini. Niliporudi, boksi lilikuwa pale, risasi zote zimesimama kwenye mashimo yake, zote zinang'aa sawasawa. Sikukumbuka nilipoishia. Nikakisia. Nikaendelea kutoka pale nilipodhani, nikamaliza, nikafunga, nikaaga.

Jioni nikaandika makala. Ilitoka vizuri, nasema bila kujisifu. Kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda sana, inayosema kwamba katika nyumba ile kila risasi hufutwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, kabla haijaruhusiwa kukaribia bunduki. Nikaisoma mara mbili. Mara ya tatu ikanichoma. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba sentensi ile huenda si kweli, na mtu huyo ndiye aliyeiandika.

Nilijaribu kujitetea, msidhani sikujaribu. Nilijiambia kijana mwenyewe amesema hakuna madhara. Nilijiambia bunduki ina namba nzuri. Nilijiambia hata kama zimebaki tano au kumi, ni utando tu. Nikafikiria kuiondoa sentensi na kuacha risasi. Halafu nikaona ninavyofikiria: nilikuwa tayari kurekebisha karatasi na kuacha kitu chenyewe kilivyo. Kwenye kazi hii yetu hilo ni rahisi mno, na hakuna anayekukamata.

Nikilala naiona ile hesabu. Tani 3. Shavu la nani? La yule kijana aliyekuwa akinitania kwamba nashika risasi kama nashika yai.

Waliniambia wataondoka saa 12 asubuhi. Saa 11 na nusu nikabisha hodi, nimevaa kandambili. Mzee alifungua akiwa na kikombe cha kahawa. Nikamweleza yote: simu, mbuzi, shangazi, safu ya tatu au ya nne. Nilitegemea anikaripie, au aseme si kitu. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliweka kikombe, akatandika taulo kwenye meza ya jikoni, akalimimina boksi la pili lote, halafu akalimimina na la kwanza.

"Mzee, la kwanza nina uhakika nalo."

"Ulikuwa na uhakika na la pili pia, mpaka jana usiku," akasema, wala hakuwa na ukali.

Kijana akaja, akatuona, akacheka sana. Akasema anayo njia rahisi ya kumaliza ugomvi: achukue moja yenye mafuta, aipige, tuone kama kuna kitu kitatokea. Nami, kusema kweli, nilitaka kuona. Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Ukiipiga hakitatokea kitu. Ndiyo sababu sitaki uipige. Utapiga ya pili, na ya tatu, na utaacha kufuta."

Nimelifikiria jibu hilo wiki mbili. Hakudai kwamba bunduki ingepasuka. Alikubali kabisa kwamba isingepasuka. Alichokuwa akikilinda ni akiba. Bunduki ile imejengwa ikiwa na nguvu ya ziada kwa ajili ya siku ambayo mambo mengine yatakuwa yamekosewa: baruti imezidi kidogo, jua ni kali, ganda limechoka. Ukianza kuila akiba hiyo kila siku kwa sababu ya uvivu wa kufuta, siku hiyo ikifika hutaikuta. Sisi tuliokua tukiona mabasi yakibeba abiria wawili wa ziada, halafu watano, halafu ishirini, na kila safari yanafika salama mpaka ile moja isiyofika, tunaielewa hesabu hii bila kalamu.

Tukaketi watatu, tukafuta. Zungusha, sikiliza, weka. Hata kijana alifuta, huku akilalamika. Tulizikuta 9 zenye kunata, zote kwenye boksi la pili, zote zimefuatana. Mzee alizipanga pembeni mbele yangu bila kusema neno, halafu akanipa nizifute mimi.

Kwa hiyo msimamo wangu, kama mtauliza: yafuteni. Mafuta yana kazi yake kwenye kalibu, na kazi hiyo ikiisha yaondoke. Ukitumia mashine ya haraka, tenga muda wa kufuta mwishoni na uuhesabu kama sehemu ya kazi. Ukikatizwa katikati, anza upya, usikisie. Na kijana nampa haki yake: kwenye bunduki imara utando mwembamba peke yake hautaua mtu, na mtu akikwambia risasi moja yenye mafuta ni bomu, anakutisha bure. Lakini sababu ya kufuta haihitaji kutia chumvi.

Sentensi yangu ilibaki kwenye makala. Niliongeza moja baada yake, inayosema kwamba zile 9 nilizirukia mimi. Mhariri akauliza kama kweli nataka itoke hivyo. Ikatoka hivyo.

Tukiwa katikati ya kufuta, saa 12 kasorobo, simu ikaita tena. Mama. Kule saa 7 kasorobo mchana, wametoka kanisani. Nikaweka spika maana mikono ilikuwa na spiriti.

"Upo wapi mwanangu, mbona kama kuna kelele za visahani?"

"Nipo kwa jirani Mama, nafuta risasi."

Kimya. Kimya kirefu hasa.

"Tumechanga ng'ombe wawili uende kusoma uandishi," akasema, "unafuta nini?"

Nikamweleza harakaharaka, nikamweleza na habari ya babu, na jembe, na kitambaa. Akasikiliza. Halafu akasema lile jembe bado lipo, limeegemea jikoni, mpini tu ndio uliobadilishwa. Akauliza kama huyo mzee wa Kizungu amekunywa chai, maana ni alfajiri, na kwamba nisimfanyishe kazi mtu mzima akiwa hajatia kitu tumboni.

Nikamtafsiria Mzee. Akainua kikombe chake cha kahawa kuelekea kwenye simu, akaendelea kufuta.

Haya wapendwa, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Na ule mchango wa harusi nimeutuma, Mama, usipige tena leo.